Mluzi wa Mama Mdogo

Mama mdogo Milka alikuwa fundi wa redio Migori mjini, katika chumba kilicho nyuma ya duka la Abdisalam. Mikono yake haikutetemeka hata akishika waya wa moto. Nimemwona akiogopa siku moja tu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Alitaka kitu cha kupimia redio zilizokufa, akajitengenezea: transista mbili, kapasita mbili, betri. Transista moja ikipitisha umeme, inaizuia nyingine, halafu zinapokezana. Umeme wake haupandi polepole. Unaruka juu, unakaa, unaanguka, kama ngazi. Akaongeza nobu ya kuzungusha, aliyoitoa kwenye redio mbovu, ili kupokezana kuwe kwa haraka au pole. Haraka, unasikia mluzi. Pole, unasikia ta-ta-ta. Aligusisha waya wake ndani ya redio hapa na pale. Mluzi ukipotea, ugonjwa uko hapo.

Wiki hiyohiyo redio za mtaa mzima zikaanza kupiga mluzi wakati wa habari. Watu wakanong'ona: kuna mtu ana mtambo wa kurusha sauti hewani, anaongea na wezi wa ng'ombe kule mpakani. Fundi Cephas wa Uriri alishachukuliwa na polisi kwa sababu ya simu ya upepo, tena iliyokufa. Hakuwa amerudi.

Asubuhi moja, mama mdogo akipima redio, nilikuwa nimesimama kwenye upenu. Nikaona askari anakuja, redio ndogo mkononi, anaigeuza huku na huku. Kila akikaribia, mluzi unazidi. Mama mdogo akagusa nobu kidogo. Mluzi wa askari nao ukabadilika.

Tukaangaliana. Mluzi wa mtaa mzima ulikuwa ni wetu: waya wetu mrefu ulikuwa unaurusha hewani.

"Nitoe betri?" nikanong'ona.

"Ukitoa sasa, inanyamaza akiwa mlangoni kwetu. Si tutakuwa tumejitaja?"

Mbele ya duka pikapu ya dereva Ryoba ilikuwa inanguruma, vibarua wanashusha sukari. Gari la petroli likiwa karibu, redio hupiga ta-ta-ta kwa cheche za plagi. Hilo hata mtoto anajua. Mama mdogo akasikiliza injini. Akaanza kurudisha nobu, kidogo, kidogo tena. Alitaka ta-ta-ta yetu ilingane na ya injini.

"Abdisalam!" askari akaita. "Nani hapa ako na mtambo?"

"Mtambo gani, afande? Mimi nauza sukari."

Redio ya askari ikakoroma, ikaacha mluzi. Ta-ta-ta-ta.

"Kumbe ni hii gari! Wewe dereva, zima hiyo makelele."

"Afande, ikizima haiwaki. Utasukuma wewe?"

Watu wakacheka. Askari hakucheka. "Nimesema zima!"

Mama mdogo alishika waya wa betri, lakini kutoka mezani hakumwona Ryoba. Mimi nilimwona. Mkono wake ulienda kwenye ufunguo. Nikakunja ngumi nyuma ya mgongo wangu, mama mdogo aione avute waya.

Injini ikakohoa, ikafa. Redio ikanyamaza, kisha msomaji wa habari akasikika wazi kabisa.

"Si nilisema?" askari akasema, akajiunga kusukuma pikapu. Nyuma yangu mama mdogo alikuwa ameketi chini, waya bado mkononi.

Siku hiyo alikata waya wa kupimia ukabaki urefu wa kidole, akafunga mtambo wote ndani ya kopo la bati. Mluzi hautoki tena. Hata hivyo, kabla ya kuuwasha huniuliza, "Unaona nani?" Nami huangalia barabara yote ndio nijibu.