Shimo la Ndizi za Baba

Kutengeneza pombe ya ndizi ni kazi ya wanaume huku Bugarama, lakini Esperansia aliijua. Mama yake alipofariki alibaki na baba yake, Privatus, wawili tu, wakawa wanafuatana shambani: baba anachimba shimo la kuivishia ndizi, binti anakusanya majani makavu ya mgomba ya kulipashia moto. Hata walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, kazi ya shimo iliendelea kuwa yao.

Kisha Privatus akamwoa Ildefonsa, mjane wa Murukulazo, aliyekuja na binti yake Nyirabahizi, rika moja na Esperansia. Nyirabahizi alikuwa mwepesi wa kucheka, na hakukawia kumwita Privatus Baba. Siku Esperansia alipomkuta baba yake akimfundisha mgeni kukata mkungu, alichukua mtungi akaenda kisimani, ingawa maji yalikuwepo nyumbani.

Mwishoni mwa 1978 mgambo waliitwa vitani, Privatus akiwa mmoja wao. Privatus alifukia ndizi za pombe ya kuagana na majirani, na kwa kuwa alikuwa mazoezini mchana kutwa, akawakabidhi shimo wasichana.

"Mbuzi wasikanyage. Na msilifunue. Joto likitoka, haziivi."

"Mimi najua, Baba," alisema Esperansia.

"Basi mwelekeze dada yako."

Esperansia alitaka awe yeye wa kumpelekea baba yake habari kwamba zimeiva. Kesho yake, Nyirabahizi alipokwenda kuteka maji, Esperansia alifukua pembeni, akabonyeza ndizi moja, akafukia na kushindilia udongo kwa mguu. Asubuhi iliyofuata alikuta udongo umesawazishwa kwa kiganja. Alielewa kwamba Nyirabahizi naye alikuwa amefunua. Badala ya kuogopa alikasirika, akafukua tena.

Siku ya kukamua, majirani walikuja na nyasi zao za kukamulia. Shimo lilipofunuliwa, ndizi zilikuwa za kijani, ngumu kama zilivyoingia.

"Nani kafunua?" aliuliza Ildefonsa.

"Labda panya," alisema jirani yao Leonidas.

"Panya wa kurudishia udongo?" alisema Privatus.

Esperansia alitaka kumtaja Nyirabahizi, lakini angeulizwa amejuaje. Nyirabahizi naye alifumbua mdomo, akaufumba.

Privatus aliwatazama wasichana wote wawili. "Nikienda na hawa mpakani, hatutaficha hata bunduki moja wasiifukue."

Watu walicheka, yeye kidogo tu. Ildefonsa alizipika ndizi zile na maharage. Leonidas alikula huku mrija wake wa kunywea pombe, mkavu, umechomekwa nyuma ya sikio.

Lori la kuwachukua mgambo lilipofika, wasichana waliukimbilia mzigo wa Privatus kwa pamoja, mmoja huku, mwingine kule. Aliuchukua mwenyewe, akapanda.

Njiani kurudi, Nyirabahizi aliuliza, "Ulifunua mara ngapi?"

"Sema wewe kwanza."

"Kila siku. Nilitaka niwe mimi wa kumwambia Baba zimeiva."

Esperansia aliongeza mwendo, akamwacha nyuma. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu mwingine angeweza kumpenda baba yake kiasi hicho.