Tangazo la mabati limefunika habari yangu, na mkataba niliuandika mimi

Msomaji huyu yuko Bunia. Jina lake tunabaki nalo sisi. Majina yaliyomo ameyabadilisha mwenyewe.

Nina miaka hamsini na moja, baba wa watoto wanne, mwandishi wa habari. Nilianzia redioni. Sasa ninaendesha tovuti ndogo ya habari za Ituri na mwenzangu nitakayemwita Faustin. Mimi ninaandika, yeye anapandisha habari na kuweka matangazo. Maneno ya siri ya kuingilia anayajua yeye peke yake. Kwa miaka saba sikuwahi kumchunguza. Sasa ninamchunguza kila siku.

Yote yalianza na mteja, muuza mabati wa hapa mjini. Faustin alimweleza vizuri: utepe mrefu wa juu, pikseli 728 kwa 90, ni wa wenye kompyuta, kwenye simu unakuwa kama uzi. Afadhali mraba wa 300 kwa 250 katikati ya habari. Mteja alikataa.

"Miye sitaki kadirisha," alisema. "Nataka kaliko. Mutu akipita chini anaisoma, atake asitake."

Kaliko kwetu ni kile kitambaa cha tangazo kinachovuka barabara. Kwenye sherehe pia, jina la mfadhili likitajwa, kaliko yake inaning'inia pale pale. Kwa hiyo niliandika mkatabani: popote jina la mteja litakapotajwa, kaliko yake iwepo, na iwe kubwa kuliko zote. Kwingine utawekwa mraba. Faustin akaleta tangazo la kujaza ukurasa mzima. Nililitazama kwenye kompyuta ya ofisi. Alama ya X ya kulifunga ilionekana wazi pembeni. Nikatia sahihi.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwenye shule ya watoto wa familia zilizokimbia mapigano Djugu. Bati la paa lilikuwa jembamba, nililikunja pembe kwa kidole gumba. Madaftari yalikuwa yamelowa. Nilipouliza mabati yametoka wapi, jina nililopewa ni la mteja wetu. Niliandika nilichoona na jina lake. Yeye hakutaka kujibu, nalo nikaliandika. Faustin akapandisha.

Habari ya namna hiyo huniletea simu siku nzima. Safari hii siku mbili zilipita kimya. Siku ya tatu akapiga Mama Régine, mwalimu wa shule ile.

"Papa, habari yetu iko wapi?"

"Iko pale tangu juzi."

"Naona kichwa yake tu, kisha mabati inafunika yote. Ile ya mu telefone haivuji hata kidogo."

Nilimfuata, nikashika simu yake. Ni ndogo, kama za wazazi wengi pale. Tangazo lilijaa kioo kizima na X ilikuwa nje ya ukingo. Nilisukuma kwa kidole kila upande, haikuja. Habari nyingine zote zilikuwa na mraba mdogo na zilisomeka.

Sikumuuliza Faustin kwanza. Nilimpa habari fupi ya mechi ya mtaa. Kwenye simu ya Mama Régine ilitoka na mraba. Baadaye nikamwambia aongeze mstari mmoja, kwamba mpira ulitolewa na mteja wetu, jambo ambalo ni kweli. Kaliko ikashuka na mechi ikafunikwa. Hapo ndipo nilipomkabili. Alikuwa anakunywa chai.

"Muzee, soma mukataba. Popote jina inatajwa. Nani aliandika?"

"Miye."

"Basi."

"Ulijua X haionekane mu telefone ya kidogo?"

"Weye uliangalia ku ordinateri, ukasema iko muzuri. Chef akisema iko muzuri, miye nibishe?"

"Pengine haukujaribu ku telefone."

Hilo lilimuudhi. "Siwekake kintu bila kujaribu ku telefone. Unanijua."

Kisha akarudi kwenye chai yake. Kama alijaribu, basi aliona. Nimehoji watu wengi, najua mtu anapojibu asichoulizwa. Lakini pia najua kwamba mtu anayejisifia kazi yake anaweza kusema hivyo bila kuwa na hatia yoyote.

Jumapili nilipita kwake kusalimia. Jiko lake limeezekwa mabati mapya. Si ushahidi, nusu ya mtaa wake inanunua kwa mteja wetu. Alipoingia ndani kuleta kiti, nilibonyeza pembe ya bati kwa kidole gumba. Halikukunjika.

Jumamosi hii wazazi wa shule wanakutana na mteja huyo. Mama Régine amewaahidi kwamba kila mmoja atakuwa na habari yangu kwenye simu yake, asome jina na aulize. Kaliko haiwezi kutoka bila Faustin. Nikimshtaki, anaweza kuifunga tovuti kwa neno moja la siri, wazazi wasione hata kichwa cha habari. Nikimwomba kwa upole, nitakuwa nimemwambia kwamba anaweza kunifunika tena. Naye mteja akiuliza kwa nini kaliko imetolewa, sahihi ya mkataba ni yangu.

Ninyi mliowahi kumshuku mtu kwa jambo mlilolitilia sahihi wenyewe, mlianzia wapi? Nishaurini kabla ya Jumamosi. Na kama mnasoma kwa simu ndogo, niambieni mmefika mpaka mstari huu.