Mkunga Mgeni wa Ngamiani

Mwanamkasi alirudi nyumbani Ngamiani alasiri, miguu imemvimba kwa kusimama mchana kutwa akifua mashuka ya hospitali. Alimkuta mpangaji wake, Dorkasi, amejiinamia barazani.

"Wamenikataa kazi hospitalini kwenu," Dorkasi alisema.

Dorkasi alikuwa mkunga. Kwao Unyasa alisomea kazi hiyo misheni na kuzalisha miaka mingi, kabla ya kumfuata mumewe aliyepata ukarani bandarini Tanga.

"Walikuuliza nini?"

"Sista aliniuliza nitamwambia nini mama ambaye muda wake haujafika. Nikasema, 'Bado kuzaa, wewe ngoja.' Wauguzi wakacheka."

Mwanamkasi hakucheka. Alimkumbuka seremala kutoka Urundi aliyewahi kupanga kwake, fundi hasa, ambaye mpaka leo anakata mkonge kwa sababu hakupata wa kumsemea.

"Huku mwanamke humwambii hivyo, mwenzangu, utadhani unamfokea," alisema. "Mwambie, 'Bado kidogo, mama, utajifungua salama.' Haya, sema."

Tangu hapo, kila alasiri, Mwanamkasi alitumbukiza miguu kwenye karai la maji ya chumvi akamfundisha maneno ya kuwaambia wanawake wanaojifungua. Siku nyingine usingizi ulimchukua katikati ya somo, na Dorkasi akangoja kimya mpaka azinduke.

Siku moja Mwanamkasi alimpeleka mtaa wa Makorora kwa mpwa wake, Chiku, aliyekuwa mjamzito. Mkwewe Chiku akasimama mlangoni.

"Huyu mgeni hatumjui."

Dorkasi akapiga goti. "Shikamoo, mama. Naomba ruhusa yako nimtazame mkwe wetu."

"Marahaba," alisema yule mama, akawapisha.

Kesho yake Mwanamkasi aliacha mashuka kwenye beseni akaenda kusimama mlangoni kwa sista, aproni imelowa, mpaka akasikilizwa, akamsemea Dorkasi. Dorkasi akaitwa tena. Safari hii walimchukua, lakini awe anaogesha watoto tu. Mengine wangeona baadaye.

"Kuogesha," Dorkasi alisema njiani. "Mimi."

"Najua. Nenda hivyo hivyo."

Akaenda. Ilipita masika, ukapita na mfungo, ndipo wakamruhusu kuzalisha. Alikimbia mpaka dobini kumwambia Mwanamkasi. Rundo la mashuka la siku ile lilikuwa kubwa. Mwanamkasi alifurahi, ila nguvu za kushangilia hakuwa nazo; alimshika mkono kwa vidole vyenye povu, kisha akaendelea kukamua.