Uyoga wa Mnara wa Miono

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Mitambo wa Bagamoyo hakunionyesha meza wala kiti. Alinipandisha ngazi mpaka juu ya paa la kibanda cha mitambo, chini ya mnara, akanionyesha kitu cheupe chenye kichwa cha mviringo kilichofungwa kwenye mlingoti mfupi.

"Huu tunauita uyoga," akasema. "Jenereta likizima, utanipigia simu. Uyoga ukiguswa, utakuja kunieleza mwenyewe, tena unakimbia."

Nilicheka. Yeye hakucheka, nami nikajua nimeanza vibaya.

Nyinyi vijana mnaoshinda na simu mikononi, sidhani kama mnajua kuwa simu na mnara husemezana kwa zamu. Mnara unasema, simu inasikiliza. Kisha simu inasema, mnara unasikiliza. Zamu yenyewe ni fupi kuliko kupepesa jicho. Simu iliyo mbali huamriwa ianze kusema mapema kidogo, ili sauti yake ifike kwa wakati wake. Na minara jirani lazima ipokezane zamu kwa pamoja, la sivyo mmoja atapiga kelele wakati mwenzake ametega sikio. Simu huchukua saa kwa mnara, na mnara huchukua saa kwa setelaiti kupitia uyoga. Uyoga usipoiona mbingu, mnara hutegemea saa ya akiba iliyomo ndani yake, nayo haikawii kupotoka.

Mkuu yule alinifundisha haya kwa ukali, na mpaka leo namshukuru. Kisha nikahamishiwa Msata, chini ya Msimamizi wa Kanda, bwana aliyekaa Dar na kuamini kwamba hakuna hitilafu isiyotibika kwa kufoka. Huyo nilimvumilia tu.

Siku ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya masika, mchana, mvua imetoka kunyesha. Kompyuta ilionyesha kwamba mnara wa Miono hauoni setelaiti tangu asubuhi na saa yake ya akiba imeshapotoka. Nilikuwa bado naikodolea macho pale Shomari, dereva wa gari la wagonjwa, alipoingia ofisini na matope mpaka magotini.

"Dada, simu zenu zina nini leo? Kuna mzazi anavuja damu zahanati ya Miono, na kalvati limechukuliwa na maji. Muuguzi ananielekeza njia ya mashambani. Nikifika pale kilimani inakata, nikipiga tena haishiki. Nitapita wapi mimi?"

Kilima hicho ndipo simu inapouacha mnara wa Msata na kushikwa na wa Miono. Ningeuzima wa Miono, kelele zingekoma, lakini muuguzi angebaki bila simu. Ningeuzima wa Msata, Shomari angebaki bubu njiani.

Nikampigia Msimamizi wa Kanda. Akatuunganisha na mlinzi wa mnara wa Miono, Mzee Kibwana, ambaye kwa kuwa alikaa chini ya mnara wenyewe alisikika, ingawa kwa kukatikakatika.

"Wewe mzee, uyoga upo hapo?"

"Uyoga?" Nikasikia viatu vyake vikikanyaga matope. "Nimezunguka ua mzima, bosi. Haupo."

"Umeibwa!" Msimamizi akafoka, simu ya mzee ikakata. "Njoo Dar sasa hivi uchukue mwingine!"

Kwenda Dar na kurudi? Mzazi yule angesubiri kwa damu ipi? Tena maneno ya mzee yalinikaa sikioni: amezunguka ua. Uyoga wetu uko juu ya paa, ua anauzungukia nini? Nikampigia mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bibi fundi. Mwambie bosi mvua ndiyo kwanza imeanza, uyoga utaota tu."

Nusura nilie. "Mzee wangu, juu ya kibanda kuna kitu cheupe kwenye mlingoti. Kipo?"

"Kile kikofia? Kipo. Kunguru walikuwa wanakidonoa, nikakifunika kwa sufuria. Si mali ya kampuni ile?"

"Kifunue! Kifunue sasa hivi!"

Nikasikia ngazi ikigonga ukuta, kikohozi, kisha mlio wa sufuria ikibingirika juu ya bati. Shomari hakungoja, alishawasha gari. Kwenye kompyuta ikatokea setelaiti moja, halafu mbili, halafu ikasimama. Nikaitukana kompyuta ile matusi ambayo sitayaandika hapa. Ya tatu ikaja, na ya nne, mnara ukashika saa. Shomari sikuthubutu kumpigia, maana laini yake ilikuwa ya muuguzi. Nikangoja mpaka alipopiga yeye.

"Tumempakia. Yu hai, na mtoto pia. Ni Mwajuma, binti wa mlinzi wenu."

Nikampigia Mzee Kibwana kumpa habari.

Msimamizi alitaka mzee afukuzwe. Nilimwambia, bila adabu yoyote, kwamba jina la uyoga ni letu mafundi, na hakuna aliyewahi kumweleza mzee yule anacholinda ni nini. Mzee alibaki kazini. Tangu hapo kila mlinzi mpya nilimpandisha paa siku yake ya kwanza.

Nilipostaafu na kurudi Bagamoyo, Mzee Kibwana alikuja kunisalimu na Mwajuma, pamoja na mtoto anayejua kukimbia. Walibeba sufuria imebonyea ubavuni, ndani yake uyoga wa kweli uliopikwa kwa nazi. Mwajuma alipotoka kumfuata mtoto uani, mzee akasogea karibu.

"Bibi fundi, niambie. Siku ile, ni hii sufuria iliyokata simu ya muuguzi wa mwanangu?"

Maisha yangu yote nimelinda saa isidanganye hata kwa kupepesa jicho.

"Ilikuwa mvua, mzee."

Akaipapasa sufuria pale ilipobonyea, kisha akanisogezea.

"Basi kula," akasema, "kabla haujapoa."