Banda Lililovuka Mstari

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni fundi wa mapazia, na mtaa mzima tunamwita Bi Pazia. Maisha yake yote ya kazi amewashonea watu ambao, kwa maneno yake, madirisha yao ni makubwa kuliko akili zao. Mumewe wa zamani ni Refa. Huyu alichezesha mpira mpaka magoti yakamgomea, kisha akahamishia kazi nyumbani, akawa anachezesha chakula cha mchana: nani kachelewa, nani kamkata mwenzake kauli, nani kaacha taa inawaka. Bi Pazia alipochoka akadai talaka, akapewa, na mtaa ukakaa mkao wa kula kuona nani atahama.

Hakuhama mtu. Nyumba ilikuwa ya wote wawili, na kila mmoja alidai ana kiuno kibovu, hawezi kubeba kabati. Bi Pazia akabaki vyumba vya mbele, Refa akachukua vya nyuma. Ua, unaokwenda urefu wote wa nyumba, Refa aliukata kwa mstari wa chokaa, umenyooka kama wa katikati ya uwanja. Mvua ikiufuta, anaupiga upya. Kusemeshana, hakuna. Wakiwa na neno walimpigia simu binti yao wa pekee, muuguzi anayekaa mji mwingine.

"Mwambie baba yako aondoe baiskeli yake."

"Mwambie mama yako baiskeli iko upande wangu."

Na wakati huo kilichowatenga ni ukuta wa tofali moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nawasikia wote wawili nikiwa naosha vyombo.

Chanzo cha yote ni nyanya. Bi Pazia alipanda nyanya upande wake, mvua ikazipiga mpaka majani yakaota madoa, na zilizopona zikadonolewa na kuku, wale kuku ambao siku ya kesi huwa hawana mwenyewe. Akasonya, akavaa viatu vya kutokea, akaenda kununua banda la nailoni, lile refu la kuoteshea mboga, lenye mgongo wa mviringo kama lori lililofunikwa.

Muuzaji wa pembejeo alimwonyesha nailoni ya bei nafuu. Bi Pazia akaisugua kati ya vidole kama anachagua kitambaa.

"Hii itachanika kabla sijafika nyumbani. Nipe nzito, ile inayovumilia jua."

Akamwonyesha matao ya mabomba ya plastiki. Akalishika moja, akalikunja, likamkunjukia. Akataka ya chuma. Mpaka hapo alikuwa sahihi kabisa.

"Na eneo lako, mama, lina urefu gani?"

"Wa kutosha."

"Umepima?"

"Mwanangu, miaka yote hii jicho langu ndilo futi."

Banda dogo aliliona kama tundu la kuku, na kuku hakutaka hata kuwasikia. Akachukua kubwa.

Fundi bomba akaja kulisimamisha. Tao la kwanza, la pili, la tatu, kila moja limechimbiwa miguu barabara. Refa alikuwa amesimama nje ya mlango wake, mikono nyuma, anatazama tu. Fundi akafika kwenye chokaa, akakuna kichwa.

"Bi Pazia, nimebakiwa na matao matatu, lakini uwanja umekwisha."

"Endelea."

"Umeotea," akasema Refa. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mwanamke huyo tangu talaka.

Bi Pazia akamgeukia fundi bomba. "Kasema nini huyo?"

"Kasema umeotea, mama."

"Mwambie anyanyue kibendera."

Fundi bomba wa watu alitafsiri asubuhi nzima, Kiswahili kwa Kiswahili. Mwisho wakaafikiana: banda lisimame, ila sehemu iliyovuka mstari ni ya Refa, pamoja na mlango wa upande ule na kufuli lake. Bi Pazia alikubali kwa kuwa matao hayarudishwi dukani, na kwa kuwa njia nyingine ilikuwa kutamka kwamba amekosea vipimo.

Nailoni waliivuta mchana wa jua kali, maana ikipata joto inalegea, ikipoa inajikaza yenyewe kama ngozi ya ngoma. Kingo zake hufukiwa kwenye mtaro pande zote mbili. Fundi akamwambia aache nailoni ya ziada, urefu wa mkono, iingie udongoni. Upande wake Bi Pazia aliacha. Upande wa Refa akashika mkasi.

"Huko vidole vinne vinamtosha."

"Mama, upepo—"

"Upepo wake, siyo wangu."

Kisha ndani, juu ya mstari, akatundika pazia zito la maua lenye pete za shaba. Kwa ajili ya stara, alisema, asije akaona mtu akichimba kwa kaptura. Yeye akapanda nyanya na pilipili hoho. Refa akapanda matango, kwa sababu pakiti ya mbegu ilisema hayana usumbufu.

Kilichofuata hakuna aliyekipanga, na kosa ni la jua. Banda la namna ile hupumua kwa milango miwili: hewa iingie huku, itokee kule. Siku ya kwanza ya joto kali Refa akalala, kufuli lake mlangoni. Ilipofika saa nne, humo ndani ungeweza kuchemshia yai. Maua ya nyanya yakapukutika, majani yakaning'inia kama masikio ya mbwa aliyekaripiwa. Bi Pazia akatoa simu ampigie binti, akaitazama, akaona mpaka muuguzi aache sindano yake apokee, atakuwa na mchuzi badala ya mimea. Akaenda mwenyewe, akaugonga mlango wa Refa kwa jembe.

"Fungua mlango!"

"Nani?"

"Unajua nani! Fungua, unanichemshia nyanya!"

"Niko mapumziko."

"Mapumziko ya nini, we mzee? Hujacheza!"

Refa akatoka, akafungua kufuli la bandani. Hewa haikupita. Wakasimama wote wawili jasho likiwatiririka, wakalitazama pazia. Lilikuwa limeziba njia yote. Bi Pazia akalishusha, akalikunja, akalirudisha kabatini. Toka siku hiyo wakawa wanaonana kila asubuhi, mmoja kila mwisho wa banda, watake wasitake.

Na wakigombana! Refa alimwagilia majani badala ya shina, akaambiwa anaalika ukungu. Bi Pazia alitikisa vichala vya maua ya nyanya ili vishike matunda, akaambiwa anacheza rafu. Matango yakatambaa yakavuka mstari na kujisokota kwenye kamba za nyanya. Refa akasema mmea hauna kosa, haujui sheria. "Kama mwenye nao," akajibiwa.

Majuma mawili yakapita simu ya binti haijalia. Akaingiwa na hofu. Akajua mmoja kafa, na mwingine ndiye kamuua. Akaomba ruhusa kazini, akafika amebeba mkoba begani, akawakuta bandani wameinama chini ya jani moja, vichwa vinakaribia kugusana, wanabishana kama vile vidoadoa ni inzi weupe, wadudu wanaofyonza majani, au ni vumbi.

"Mmerudiana?" akauliza.

"Mungu apishe mbali!" wakajibu kwa pamoja.

"Basi mbona hamnipigii?"

Wakatazamana. Binti akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kidogo, akala matango mawili na kurudi kazini.

Upepo ulikuja alasiri moja kabla ya mvua, ukauona ule upande wa vidole vinne kama mwizi anavyoona dirisha bovu. Nailoni ikachomoka udongoni, ikaanza kupiga kofi hewani. Refa akajitupa juu ya ukingo kwa tumbo, na tumbo analo. Bi Pazia akakimbia, akaukalia ukingo huohuo kando yake. Mimi nilimpigia simu fundi bomba, kisha nikabaki dirishani, maana ua si wangu.

Walikaa hivyo muda mrefu, mvua ikiwanyea. Refa ndiye aliyeanza, uso umeelekea matopeni.

"Nani alikata huku kufupi?"

"Mimi."

Nilitegemea makelele. Refa akauliza jambo jingine kabisa.

"Hivi kwa nini uliniacha?"

"Unauliza leo?"

"Leo siwezi kuondoka."

Bi Pazia akajifuta maji usoni. "Hii ndiyo mara ya kwanza unaniuliza kitu ukangoja jibu. Miaka yote ulikuwa unapuliza filimbi tu. Mtu hawezi kula akiwa anachezeshwa."

Refa hakujitetea. Fundi bomba alipofika na mifuko ya mchanga, aliwakuta palepale, nailoni iko chini yao, salama. Bi Pazia alinunua kipande kingine, akakiunganisha kwa gundi ya nailoni na kukifukia mkono mzima, bila kuambiwa.

Nyanya zilipoiva, Refa alinyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi, akaingia bandani kwa mlango wake. Akamwomba warudiane. Bi Pazia alikuwa anachuma. Hakucheka, na hilo lilinishangaza.

"Hapana," akasema. "Hapa tunaweza kutoka, kila mtu na mlango wake. Ndani ya nyumba hatukuwa na mlango wa pili."

Refa akanuna siku mbili. Mlango wake ulibaki umefungwa, na Bi Pazia akaufungua mwenyewe kwa ufunguo wa akiba ambao kumbe alikuwa nao tangu siku ya kwanza. Siku ya tatu Refa akatokea, ndevu zimeanza kurudi, jani la tango mkononi.

"Njoo uone huku chini. Hilo si vumbi."

"Nilikwambia."

"Hukuniambia. Mimi ndiye niliyekwambia."

Bi Pazia akavaa miwani, akaenda kuona.