Maji ya Moto Ndani ya Boti

Mimi si fundi. Naanza na hilo kwa sababu siku ile nilijifanya fundi, na mdomo ukanitangulia.

Boti yangu ya mbao inaendeshwa na injini ya pawatila, lile trekta dogo la kushikwa kwa mikono. Tukimaliza kulima tunaifungua na kuifunga kwenye boti, maana masika yakikolea mashamba ya mpunga ng'ambo ya mto Kilombero hayafikiki kwa miguu. Boti yenyewe aliitengeneza baba mkwe wangu, seremala wa Katindiuka, Mpogoro wa maneno machache. Mwaka huu mfugaji mmoja wa Kisukuma alitaka atengenezewe boti kama hiyo, akaomba kwanza apande yangu aione ikiwa majini. Mzee alikuwa amekaa muda mrefu bila kazi kubwa. Alikuja naye mtoni amevaa shati lake la kanisani.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimesafisha filta ya dizeli, maana injini ilikuwa ikikohoa. Kabla ya kuigusa filta nilifungua koki iliyo chini ya tangi la maji ya kupoza injini, ili maji yenye kutu yatoke. Kisha nikahangaika na dizeli, nikaosha filta, nikairudisha, nikatoa hewa kwenye bomba la dizeli, injini ikanguruma vizuri. Nilijisifu sana.

Hatujafika hata katikati, nikaona maji miguuni. Wakati huohuo maji ya tangi la kupoza injini yalikuwa yanapungua. Injini za aina hiyo huchemsha maji yake yakapotea kwa mvuke, kwa hiyo sikushangaa. Nilichota mtoni kwa kopo nikaongeza, nikachota tena, nikaongeza tena. Maji ndani ya boti nayo yakazidi, hadi akina mama wawili tuliowabeba wakapandisha miguu juu ya magunia.

Kwetu mkwe hapayukiwi. Ukiwa na neno na baba wa mkeo, unamtuma mshenga aliyekuposea, hata kama mzee anakaa nyumba ya tatu. Najua hivyo tangu utoto. Lakini nilikuwa na hofu, na hofu yangu hugeuka hasira upesi.

"Baba, hizi mbao uliziba kwa pamba au kwa mate?" nilimuuliza, tena kwa sauti ya kushinda injini.

Mfugaji alimtazama mzee. Tulipofika ng'ambo, yule mfugaji aliaga kwa heshima zote, akasema atafikiri, akaondoka na wale akina mama. Mzee alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotelea kwenye mpunga.

Ndipo alipokunja suruali, akainama nyuma ya boti na kutumbukiza mkono.

"Mkwe, weka mkono hapa."

Niliuweka. Maji yalikuwa ya moto.

Alipapasa chini ya injini mpaka akaipata koki niliyoifunga nusu. Kumbe nilikuwa nachota mto kwa mkono wangu mwenyewe na kuumwaga ndani ya boti aliyoitengeneza yeye. Alikata kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli, akakizungusha kwenye uzi wa koki, akanipa spana nikaze. Nilikaza. Tulikausha boti, na wakati wa kurudi halikuingia hata tone. Niliona aibu hadi nikashindwa kumtazama usoni.

Kesho yake nilimtuma mshenga aende kuniombea radhi. Mzee alipokea, akasema yameisha. Mshenga aliniuliza kama na yule mfugaji ameshaambiwa ukweli. Nilisema nitakwenda mwenyewe. Sikwenda. Kila siku niliona ni mbali, mara mvua, mara abiria. Ukweli ni kwamba sikutaka ajue kwamba mwenye boti hajui kufunga koki.

Wiki mbili baadaye yule mfugaji alipanda tena boti yangu. Alikuwa ameshampa kazi fundi mwingine, wa Mlabani, na mbao zilikuwa zimeanza kupasuliwa. Alinishika bega mbele ya abiria wote.

"Ungenyamaza kwa kuwa ni baba mkwe wako, mimi ningeumia," alisema. "Wewe ni msema kweli, ndugu yangu."

Nilimwambia asante.