Nyumba Iliyoandikwa Kwenye Fomu ya Tereza

Naandika haya nikiwa na hasira, na asitokee mtu wa kuniambia nitulie. Kwa miaka kumi na tisa Bernadeta ndiye aliyepanga zamu za kiwanda chetu cha minofu ya sangara hapa Nyakato, kwa daftari na kalamu. Hana maneno matamu. Lakini alijua nani ananyonyesha, nani anauguza, na kwamba Tereza anavuka na kivuko kutoka Kamanga, kwa hiyo hakumpanga alfajiri hata siku moja.

Mwezi wa tatu meneja Masele akaleta programu ya zamu. Bernadeta akaambiwa aingize majina yetu kutoka kwenye fomu za ajira. Aliyaingiza siku tatu, kwa kidole kimoja, bila kufikiria kilichoandikwa humo. Programu ikawapanga wanaoishi karibu zamu ya saa kumi na moja alfajiri. Tereza akawamo, kwa sababu fomu yake ilisema anaishi Nyakato.

Fomu hizo tunazijua wote. Kiwandani wanasema mtu wa ng'ambo ya ziwa atachelewa, hawamwajiri, basi kila anayetoka ng'ambo anaandika nyumba ya ndugu au rafiki. Njaa haina adabu.

Saa kumi na moja hakuna kivuko kilichokwisha kuvuka. Tereza alichelewa Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi programu ikaifunga kadi yake, ikakataa getini. Alisimama nje analia, mabuti mkononi, na mlinzi akageukia ukuta.

Bernadeta akapanda ofisini, nami nyuma yake. Aliomba Tereza abadilishiwe zamu, basi. Masele hakuinua macho. Alisema programu inafuata makazi, na kama makazi si hayo, Tereza ni mwongo, na mwongo anafukuzwa.

"Nani alimwambia aandike Nyakato?"

"Mimi," alisema Bernadeta. "Na nyumba hiyo ni yangu. Mrudishe yeye, uniadhibu mimi."

Masele akabadilisha majina mawili kwenye programu. Haikufika dakika. Kumbe iliwezekana tangu Jumatatu, bwana mkubwa yule!

Sasa Tereza anaingia mchana. Meza ya kukata minofu alfajiri amepewa Bernadeta, mwenye miaka hamsini na sita na vidole vilivyovimba kwa maji ya barafu. Wanapopishana, Tereza anamwamkia shikamoo huku anatazama sakafu. Bernadeta anaitika marahaba, anamkabidhi kisu, kisha anatafuta mahali pa kukaa.